Dai la mkandarasi wakati wa janga: kutoka notisi hadi dai la mwisho

Mwongozo huu unafuata Kitabu Chekundu cha 1999, mkataba wa mfano wa ujenzi wa FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri), kwa mifano ya Kenya wakati wa korona mwaka 2020. Soma kwanza masharti maalumu ya mkataba wako. Yakitaja siku tofauti, hesabu zote za hapa chini zinabadilika.

1. Hesabu siku kabla ya kuandika chochote

Kifungu 20.1 kinakupa siku 28 tangu ulipojua, au ulipopaswa kujua, kuhusu tukio. Zikipita, muda wa kumaliza kazi hauongezwi na hela hazipo, hata kama kila mtu saitini aliona kazi imesimama. Zuio la kuingia na kutoka eneo la Nairobi lilitangazwa 6 Aprili, kwa hiyo notisi ilipaswa kufika kwa Mhandisi (msimamizi wa mkataba aliyeteuliwa na mwenye mradi) kufikia 4 Mei. Kafyu ilitangazwa 25 Machi na kuanza 27 Machi. Ihesabie siku zake peke yake.

2. Chagua kifungu

Wengi hukimbilia kifungu cha 19, cha matukio yasiyozuilika. Mimi sianzii huko. Notisi yake ni siku 14 tu, na ugonjwa wa mlipuko haumo kati ya matukio ambayo 19.4 inayalipia gharama, hivyo utaambulia muda peke yake. Kifungu 8.4(d), cha uhaba usiotarajiwa wa watu au vifaa kwa sababu ya mlipuko au hatua za serikali, nacho hutoa muda tu. Penye hela ni 13.7, mabadiliko ya sheria, mradi sheria hiyo imekuja baada ya tarehe ya msingi, yaani siku 28 kabla ya siku ya mwisho ya kuwasilisha zabuni. Ambatanisha tangazo la Gazeti rasmi la Serikali. Hotuba ya runingani si sheria.

Taja 8.4(d) na 13.7 pamoja kwenye notisi moja.

3. Tuma notisi

Ukurasa mmoja unatosha: tukio, tarehe, vifungu. Kiasi hakihitajiki bado. Peleka kwa njia iliyotajwa kwenye mkataba, upate muhuri wa kupokelewa. Ujumbe wa WhatsApp kwa mhandisi mkazi (msaidizi wa Mhandisi aliyeko saitini) usiuhesabu.

4. Rekodi za kila siku

Hapa ndipo madai mengi hufia. Kuandika "kazi ilipungua kwa sababu ya korona" hakumsaidii Mhandisi kukokotoa chochote. Anachohitaji ni hiki (mhimili ni mstari wa gridi wenye herufi kwenye mchoro):

*Jumanne 14 Aprili. Mafundi wa nondo: waliopangwa 18, waliofika 7, 11 wamekwama Kitui. Nguzo za orofa ya 3, mhimili C hadi F, hazikufungwa. Zege la mita za ujazo 24 limeahirishwa. Kazi imefungwa saa 10 jioni badala ya saa 12, watu wawahi kafyu. Kreni: bila kazi kwa muda wa saa 3.*

Angalia kwamba zuio na kafyu vimetenganishwa. Ukivichanganya, Mhandisi akikataa kimoja, vyote viwili vinaanguka. Kreni ikiwa mbovu siku hiyo, andika hivyo hivyo. Ubovu ukigunduliwa baadaye kwenye karatasi za matengenezo, hata siku zako za haki zitatiliwa shaka. Kuwa mwangalifu pia na vifaa: magari ya mizigo yaliruhusiwa kuvuka, hivyo "saruji haikufika" inahitaji barua ya muuzaji inayoeleza kwa nini.

Nyapara ajaze fomu jioni ile ile, mhandisi mkazi asaini kesho yake asubuhi. Akikataa kukubali sababu, asaini idadi tu. Napendelea daftari lenye kurasa zenye namba kuliko programu za simu, kwa sababu ukurasa uliochanwa unaonekana. Picha zipigwe zikionyesha tarehe na mhimili.

Halafu chukua ratiba ya kazi ilivyokuwa 5 Aprili, kabla ya zuio, na uhifadhi faili lenyewe, si PDF pekee. Nguzo zikichelewa siku 9 lakini zilikuwa na nafasi ya siku 6 kabla ya kugusa tarehe ya kumaliza, dai ni siku 3.

5. Piga bei

"Gharama" katika mkataba huu haina faida ndani yake, ila gharama za ofisi zinaingia. Mtambo wa kukodi: leta ankara. Mtambo wako mwenyewe: dai uchakavu, si bei ya kukodisha sokoni.

6. Peleka dai

Dai lenye maelezo kamili ni siku 42 tangu ulipojua, *si* tangu notisi: kwa zuio la 6 Aprili, ni 18 Mei. Athari zikiwa bado zinaendelea, hilo si dai la mwisho. Peleka nyongeza kila mwezi, zenye jumla ya siku na hela hadi hapo. Dai la mwisho ni ndani ya siku 28 baada ya athari kuisha. Zuio la Nairobi liliondolewa 7 Julai, lakini kama mafundi walirudi kidogo kidogo hadi mwisho wa mwezi, daftari la mahudhurio ndilo litakaloonyesha siku 28 zinaanzia wapi.