Jinsi ya Kulinganisha Roki na Pop kwa Sikio Lako Mwenyewe

Mtu akinijia na swali la muziki upi mzuri zaidi, roki au pop, mimi humwuliza kwanza amesikilizia kwenye chombo gani. Wengi hucheka, lakini simfanyii mzaha. Kwa muda mrefu nilikuwa nikiwaambia wenzangu barazani, hapa Lamu, kwamba roki ni kelele za watu wanaogombana na magitaa yao, na kumbe hukumu hiyo niliitoa kwa kusikiliza simu niliyoitumbukiza ndani ya bilauri ili sauti ikue. Spika ya simu ni ndogo mno, haiwezi kuzitoa sauti nzito za chini. Kwa hivyo gitaa la besi na ile ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu vilikuwa vimetoweka, na kilichobaki ni mkwaruzo wa juu peke yake. Siku mtoto wa ndugu yangu alipokuja na spika ya maana, akaipachika katika kidaka cha ukutani na kuniwekea wimbo uleule nilioudharau, nilinyamaza. "Ami," akaniambia, "wewe ulikuwa ukisikia nusu ya wimbo."

Kwa hivyo anza na chombo. Spika yoyote inayokuwezesha kuufuata mwendo wa besi kwa kidole juu ya goti itafaa, na visikizi vya masikioni vya bei ya kawaida vitafaa pia, mradi vikae vizuri. Ukitumia spika, usiiweke pembeni kabisa mwa chumba, kwa sababu zinapokutana kuta mbili sauti nzito huvimba. Na kama chumba chenyewe ni kitupu, kama vilivyo vyumba vingi vya nyumba zetu za mawe, tandika mkeka au godoro ili mwangwi upungue. Kisha sawazisha sauti. Sikio lina udhaifu ambao wauza redio wanaujua vizuri: katika nyimbo mbili, ile iliyo juu kidogo huonekana nzuri zaidi, hata tofauti ikiwa ndogo kiasi cha mtu kutoitambua. Mimi hutumia sauti ya mwimbaji kuwa kipimo, nikirekebisha kila wimbo mpaka mwimbaji asikike kama mtu anayezungumza nami kutoka upande wa pili wa chumba. Saa nzuri ni baada ya Isha, punda wanapokuwa wametuliwa mizigo na mashine za boti zimepungua gatini.

Kabla ya kusikiliza, inafaa ujue kwamba roki na pop ni ndugu wa tumbo moja. Rokenroli ya Marekani ya miaka ya 1950, iliyotokana na bluzi, yaani nyimbo za Wamarekani weusi, na nyimbo za mashambani ziitwazo country, ndiyo iliyopendwa na vijana wengi wa wakati huo, yaani ndiyo iliyokuwa pop yenyewe. Kuachana kulikuja katika miaka ya 1960, bendi zilipoanza kurefusha nyimbo, kuyakwaruza magitaa kwa makusudi na kuihesabu albamu nzima kuwa kazi moja. Hata hivyo mpaka kati yao haukuwahi kuwa ukuta. Beatles, bendi ya roki ya Uingereza, waliacha safari za majukwaani mwaka 1966 wakajifungia studio, tabia ambayo leo tungeihusisha na pop. Naye Michael Jackson, katika albamu yake ya Thriller ya mwaka 1982, alipigiwa gitaa na Eddie Van Halen, mtu wa roki wa damu, katika wimbo wa Beat It. Ndiyo maana sipendi ulinganisho wa majina ya wasanii. Linganisha nyimbo, tena mbili mbili.

Jozi ninayopendekeza uanze nayo ni ya bendi moja, Queen, ambayo mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa kwa jirani zetu Unguja mwaka 1946. Chukua We Will Rock You wa mwaka 1977 na Another One Bites the Dust wa mwaka 1980. Wa kwanza hauna dramu wala besi. Ni vishindo viwili vya miguu na kofi moja, vishindo viwili na kofi moja, mpaka gitaa la Brian May linapoingia mwishoni. Ufanye mwenyewe ukiwa umekaa: piga kisigino sakafuni mara mbili, piga kofi mara moja, kisha ungoje kidogo kabla ya kurudia. Kile kimya kifupi baada ya kofi ndicho kinachoubeba wimbo, kwa kuwa kila aliyepo anakingoja kiishe. Katika wimbo wa pili, uliotungwa na mpiga besi wao John Deacon, besi ndiyo inayotembea mbele, ngoma zimekaushwa hazina mwangwi, na mabega huanza kucheza bila ruhusa. Huu ni wimbo wa wanaroki waliokwenda kuketi upande wa dansi. Ukizisikiliza mfululizo, hutaweza tena kusema kwamba tofauti iko katika kelele, maana wimbo wa roki hapa ndio wenye ala chache zaidi.

Jozi ya pili inafundisha zaidi, na kama una muda wa jozi moja tu, basi iwe hii. Smooth Criminal uliimbwa na Michael Jackson katika albamu ya mwaka 1987, kisha bendi ya Marekani iitwayo Alien Ant Farm ikauimba upya kwa roki mwaka 2001. Maneno ni yaleyale na mahadhi ni yaleyale, kwa hivyo chochote unachokipenda au kukichukia zaidi katika mmoja hakiwezi kuwa utungo, ni mavazi. Sikiliza dakika ya kwanza ya kila mmoja, mara tatu, ukipishanisha. Mara ya kwanza fuata besi na ngoma peke yake. Kwa Jackson utasikia mdundo usioteleza hata kidogo, kila sauti imepewa nafasi yake kama shanga kwenye uzi. Kwa wale wengine, magitaa yameubeba mwendo wa besi na yanausukuma, na dramu zinasikika kuwa zinapigwa na mtu mwenye misuli. Mara ya pili fuata sauti ya mwimbaji. Jackson amewekwa mbele kabisa, hata pumzi zake zimegeuka kuwa ala, ilhali mwimbaji wa roki anaimba akiwa katikati ya wenzake na mara nyingine inambidi apaze sauti ili asizamishwe. Mara ya tatu usifuate chochote, tazama tu mwili wako unafanya nini.

Kwa jozi ya tatu, Dancing Queen wa ABBA, bendi ya pop, wa mwaka 1976, na Smells Like Teen Spirit wa Nirvana, bendi ya roki, wa mwaka 1991, angalia muundo. ABBA wanakuingiza katikati ya kiitikio tangu mwanzo, kama mtu aliyechelewa harusini akakuta watu wamekwisha simama, na furaha hiyo haishuki sana mpaka mwisho. Nirvana wanaimba ubeti kwa sauti ya chini, karibu ya kunong'ona, kisha kiitikio kinapasuka. Ikiwa unapenda kupandishwa na kushushwa, utajijua hapo. Ikiwa mabadiliko hayo yanakuchosha, pia utajijua, na si aibu.

Sisi wa pwani tuna msaada ambao wengine hawana, nao ni taarabu. Aliyezoea udi wa Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, anajua maana ya ala kuyaandalia njia maneno, na anajua pia raha ya udi unapoachiwa nafasi ya kusema peke yake kati ya ubeti na ubeti. Pop inafanana na taarabu kwa kumpa mwimbaji kiti cha mbele, ingawa kibwagizo chake hurudi mapema na mara nyingi zaidi kuliko mshairi wetu yeyote angekubali. Roki inafanana nayo kwa ile ruhusa ya ala. Ndiyo sababu mtu asiyejua neno lolote la Kiingereza aweza kukuimbia kile kipande cha gitaa kinachofungua Smoke on the Water wa bendi ya roki ya Deep Purple, wa mwaka 1972, bila kujua wimbo wenyewe unasema nini. Ukitaka kujua uzito wa wimbo uko wapi, zima spika na uuimbe mdomoni: kitakachokutoka kwanza, maneno au gitaa, ndicho jibu.

Sasa lije suala la mapenzi yako mwenyewe, ambalo watu hulikimbilia kabla ya wakati. Chukua daftari. Usiandike kwamba wimbo ni mzuri au mbaya. Andika dakika na sekunde uliyoinua kichwa, na kilichotokea katika wimbo wakati huo. Andika pia nyimbo zinazokujia zenyewe usipokuwa na spika, kwa mfano unapokwenda kijiji cha Shela kwa miguu maji yakiwa yametoka. Fanya hivyo kwa wiki nzima, kisha usome mfululizo. Ziondoe kwanza zile ulizozipenda kwa sababu zinakukumbusha mtu, au kwa sababu rafiki zako wote wanazipenda. Hizo ni haki yako, ila hazikwambii lolote kuhusu roki wala pop. Nilipolisoma langu nilikuta kwamba karibu kila nilipoinua kichwa ni pale besi ilipobadilisha mwendo, katika aina zote mbili. Mtoto wa ndugu yangu, anayejiita mtu wa roki, alikuta kwamba yeye humwinukia mwimbaji, na nusu ya nyimbo zake zilikuwa za pop. Alikaa kimya siku mbili.

Ukirudi barazani na majibu kama hayo, mabishano hubadilika, kwa sababu huna tena haja ya kusema aina hii ni bora kuliko ile. Unataja wimbo, unataja mahali, na mwenzako anaweza kusikiliza akakukubalia au akakupinga. Urudie zoezi baada ya miezi sita kwa nyimbo zilezile, spika ileile na kiasi kilekile cha sauti, na usilifungue daftari la kwanza mpaka utakapomaliza la pili. Katika la kwanza niliwaweka Nirvana juu ya ABBA. Katika la pili ABBA wamepanda, na sababu niliyoiandika pembeni ni neno moja: besi.