Anza na kizingiti cha mlango: kujenga mfumo wa kuonya mafuriko mtaani, hatua kwa hatua

Mtu akinipigia simu kuulizia mfumo wa kuonya mafuriko, swali lake la kwanza karibu siku zote ni hili: ninunue kihisi gani, yaani kifaa cha umeme cha kupima maji chenyewe? Nami humrudishia maswali mawili. Nyumba iliyo chini kabisa mtaani kwenu, kizingiti cha mlango wake kiko juu ya maji ya mto kwa sentimita ngapi? Na waliolala ndani wanahitaji dakika ngapi kutoka? Ukiwa na majibu hayo, kihisi utakichagua jioni moja. Ukikosa majibu hayo, hata kituo cha mamilioni kitabaki kukutumia tarakimu zisizomwambia mtu lini aondoke.

Mfano wangu ni bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, ninakofanyia kazi. Mto huu unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, unateremka kilomita 35 hivi na kuingia baharini kwenye daraja la Salenda. Mvua za Desemba 2011 ziliua zaidi ya watu 40 jijini, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Aprili 2018 Jangwani, eneo la chini la bonde hilo, ikafunikwa tena. Mradi wa kuliendeleza bonde umeshahamisha wakazi wengi wa sehemu za chini, lakini wapo wengi ambao bado wanalala karibu na kingo za Msimbazi na vijito vyake kama Ng'ombe.

Mwongozo huu unafaa mto mdogo wenye hasira, ule unaojaa kwa saa chache. Mto mkubwa kama Rufiji una mwendo wake, maji yanasafiri kwa siku, na hesabu zake ni nyingine.

Hatua ya 1: Tembea bondeni na wenyeji, ukiwa na mpira wa levo

Chagua wenyeji watatu au wanne: mjumbe wa shina, mama anayeuza karibu na daraja, mzee aliyekaa hapo tangu zamani. Waombe wakuonyeshe maji yalifika wapi 2011 na wapi 2018. Alama utaziona ukutani, mstari wa tope ambao rangi mpya haikuufunika vizuri, au msumari ambao mzee aliupigilia mwenyewe. Piga picha kila alama na uiandikie tarehe.

Kisha pima vizingiti vya milango. Huhitaji vifaa vya mpima ardhi. Mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ule ule fundi ujenzi anaopigia levo ya msingi, unatosha ukienda nao kituo kwa kituo. Chagua sehemu moja isiyosogea, kwa mfano kona ya nguzo ya daraja, iite sifuri, na urefu wa kila kizingiti uupime kutoka hapo. Andika kwenye daftari nyumba tano au sita zilizo chini kabisa.

Kwa nini nisipime kina cha maji moja kwa moja? Kwa sababu Msimbazi unabeba mchanga mwingi mno. Sakafu ya mto inapanda msimu hadi msimu, na pale Jangwani wenyeji wameona nafasi chini ya daraja ikipungua mwaka baada ya mwaka. Kina cha mita 2 mwaka jana na mita 2 mwaka huu si maji yale yale. Kona ya nguzo na kizingiti cha mlango havisogei. Ukipima uso wa maji dhidi ya hivyo, mchanga hautakudanganya.

Hatua ya 2: Hesabu dakika

Hii ndiyo hatua ambayo wengi wanairuka, na mimi mwenyewe niliwahi kuiruka. Mfumo wangu wa kwanza ulituma ujumbe saa 8 usiku, sahihi kabisa, maji yalipovuka alama niliyoichora kwa macho. Asubuhi mama mmoja akanionyesha simu yake: ujumbe aliuona kulipokucha, maji yakiwa yameshamfika magotini ndani ya chumba. Kifaa kilifanya kazi. Mimi ndiye sikuwa nimehesabu dakika zake.

Tafuta kwanza kasi ya maji. Mto ukiwa umejaa, simama darajani au kwenye ukingo imara, usiingie majini kamwe, na umtume mwenzako atupe chungwa mtoni, upande maji yanakotokea. Chungwa linafaa kwa sababu sehemu kubwa yake inazama, upepo haulisukumi. Pima muda linaotumia kupita mita 50 ulizoweka alama. Tuseme limetumia sekunde 40, yaani mita 1.25 kwa sekunde. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kwa hiyo zidisha kwa 0.85 upate wastani, mita 1.06 hivi. Lakini wimbi la mafuriko hutangulia maji yenyewe, kwa kawaida kwa mara moja na nusu. Tunapata kama mita 1.6 kwa sekunde. Ikiwa kipimo chako kiko kilomita 12 juu ya nyumba zile, wimbi litafika baada ya sekunde 7,500, yaani dakika 125.

Sasa anza kutoa. Kihisi kikisoma kila dakika 10, toa 10. Kuhakikisha kwamba si kosa la kifaa, toa 10. Ujumbe kufika kwa viongozi na viongozi kuanza kugonga milango, toa 15. Zinabaki 90. Nenda kwenye kila nyumba ya daftari lako ukaulize: mna mgonjwa? Mna watoto wangapi? Mchana kaya yenye bibi asiyeweza kutembea inaweza kuhitaji saa nzima, na usiku hizo 90 zinaisha zote. Dakika zisipotosha, usinunue kifaa cha bei zaidi. Sogeza kituo juu zaidi ya mto, au shusha alama ya onyo.

Hesabu ya chungwa ni ya kuanzia tu. Ukishakuwa na vituo viwili, linganisha saa ambayo maji yalifika kilele juu na saa yalipofika kilele chini, kwenye mvua tatu au nne. Hiyo ndiyo namba ya kuamini.

Hatua ya 3: Weka vipima mvua huko mvua inakoanzia

Mvua inayowafurikisha watu wa bondeni mara nyingi haijawanyeshea wao. Weka angalau vipima viwili upande wa vilima. Kila kimoja kiwe mbali na mti au nyumba kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa kitu hicho. Shule ni mahali pazuri: pana uzio, pana mlinzi, na wapo wanafunzi watakaosoma kipimo.

Kipima cha kujiendesha chenye kikombe kinachopinduka hupinduka mara nyingi kwa kila milimita 0.2. Kikague kabla ya kukipandisha. Mdomo wenye kipenyo cha milimita 200 unahitaji mililita 6.28 kwa kila mpinduko, kwa hiyo ukimimina mililita 628 polepole kwa nusu saa, lazima upate mipinduko karibu 100. Ukipata 80, rekebisha skrubu zake na urudie.

Pembeni yake weka kipima cha kawaida cha kusomwa kwa jicho, kisomwe kila siku saa 3 asubuhi kama vituo vya Mamlaka ya Hali ya Hewa vinavyofanya. Siku jani litakapoziba mdomo wa kile cha umeme, hiki cha jicho ndicho kitakachokuambia.

Hatua ya 4: Kipimo cha maji

Anza na ubao wa rangi kwenye nguzo ya daraja, wenye namba kila sentimita 10, zinazosomeka kwa tochi. Gharama yake ni rangi na siku moja ya fundi. Mtafute mtu anayeishi hatua chache kutoka hapo awe msomaji, na mlipe posho. Nasisitiza posho, kwa sababu kazi ya kuamka usiku wa manane kwenye mvua si ya kuombwa bure.

Kihisi cha mawimbi ya sauti kinafungwa chini ya daraja kikitazama maji. Kinatuma sauti na kupima muda wa mwangwi. Mambo matatu yananiudhi kila msimu. Kwanza joto: sauti hukimbia zaidi hewa ikiwa ya moto, na tofauti ya nyuzi 10 kwa umbali wa mita 4 ni kosa la sentimita 7. Ongeza kihisi cha joto na uifanye programu irekebishe. Pili, vihisi vya bei nafuu havioni kitu kilicho karibu sana, mara nyingi chini ya sentimita 25, kwa hiyo kifungwe juu zaidi ya kilele cha maji unachokitarajia. Tatu, taka. Chupa na matawi yanayopita yanarudisha mwangwi kama maji. Soma mara 15 mfululizo, zipange namba, chukua ya katikati.

Umeme: bodi ndogo ya kompyuta kama ESP32, inayolala kati ya usomaji, paneli ya sola, na betri ya kuhimili siku 5 bila jua, maana ni wakati wa mawingu ndipo unapokihitaji. Moduli ya simu kama SIM800L, ile inayotuma ujumbe, hunyonya hadi ampea 2 kwa ghafla inapotuma. Betri dhaifu itaizima hapo hapo.

Hatua ya 5: Chora alama za onyo

Rudi kwenye daftari. Onyo la mwisho halichorwi pale maji yanapogusa mlango. Linachorwa pale ambapo mlango bado una dakika zake zote. Mimi hutumia alama tatu kwenye ubao: njano, watu wajiandae; rangi ya chungwa, wagonjwa na watoto watangulie; nyekundu, kila mtu atoke. Ni rangi zile zile ambazo Mamlaka ya Hali ya Hewa huzitumia kwa angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, lakini wafafanulie watu kwamba hizi zako zinahusu mto.

Ongeza sharti la kasi. Maji yakipanda sentimita 30 ndani ya dakika 10, panda rangi moja hata kama alama haijafikiwa.

Kwa sehemu za karibu na bahari, usisahau bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida. Dar es Salaam maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Mvua ile ile iliyopita salama wakati wa maji mafu inaweza kuingia majumbani bahari ikiwa imejaa, kwa kuwa mto unakosa pa kumwagia. Pata jedwali la kujaa na kupwa kutoka bandarini, na kwa siku za bamvua shusha alama zako. Kiasi gani? Wavuvi wa hapo watakusaidia kuliko mtu yeyote.

Hatua ya 6: Amua nani atasema

Sheria ya mwaka 2019 inaipa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania jukumu la utabiri na maonyo ya hali ya hewa, na vituo vinapaswa kusajiliwa kwake. Ofisi ya Bonde la Wami/Ruvu ndiyo inayohusika na vipimo vya mto. Waendee wote wawili kabla hujafunga hata skrubu moja. Wewe hutabiri mvua. Unatoa taarifa ya mto kwa kamati ya maafa ya mtaa, na mwenyekiti ndiye anayetamka.

Ujumbe wa simu usizidi herufi 160, na useme kitu cha kufanya:

"TAHADHARI YA MAFURIKO. Saa 7:40 usiku mto umepita alama nyekundu. Maji yanaweza kufika kuanzia saa 9. Hamia shuleni sasa. Usivuke mto."

Lakini usitegemee simu peke yake. Usiku simu zimezimwa, au chaji imekwisha. Ongea na msikiti na kanisa kuhusu vipaza sauti, wape wajumbe filimbi, na kubalianeni mlio mmoja usiotumika kwa jambo lingine lolote. Kila mjumbe awe na orodha ya milango yake, na asiyesikia vizuri aandikiwe mtu wa kumwamsha kwa mkono.

Hatua ya 7: Zoezi, halafu matunzo

Fanyeni zoezi moja mchana na moja usiku, mkishika saa. Kwenye mtaa mmoja tulikadiria dakika 15 za kugonga milango, zikatoka 34. Tukashusha alama nyekundu siku iliyofuata.

Februari kabla ya masika, na Septemba kabla ya vuli, panda darajani: safisha kihisi, toa buibui (hupenda sana kujenga mdomoni mwake), osha paneli, paka upya ubao, pima tena kutoka kona ya nguzo, na piga kila namba ya simu kwenye orodha.

Na maji yakija kweli, asubuhi yake, kabla watu hawajaosha kuta, pita nyumba hadi nyumba na kalamu ya rangi. Chora mstari mahali tope lilipoishia, andika tarehe, na umuulize kila mtu alisikia onyo saa ngapi na alitoka saa ngapi. Kisha fungua daftari ukurasa wa vizingiti, uhesabu upya.