Kabla hujaurudia wimbo wa mtu, mtafute mtunzi

Mimi napiga gitaa la solo hapa Kondele, Kisumu, na benga, muziki wa gitaa wa Waluo, ninayoipenda ni ya zamani. Ukitaka kuurudia wimbo wa mwenzako, uurekodi na kuuuza, pata ruhusa ya maandishi kabla hujalipia studio.

Anza na jina la mtunzi. Usidhani ni yule aliyeimba. Nina santuri ya marehemu baba: chini ya jina la wimbo kuna jina lingine dogo ndani ya mabano, limefifia, la mpiga besi. Huyo ndiye mwenye wimbo. Ukirekodi upya kwa sauti na vyombo vyako, ruhusa ya mtunzi ndiyo unayoihitaji; ukichukua kipande cha rekodi yenyewe, mwenye rekodi naye umwombe.

Jina lisipoonekana, uliza chama cha watunzi wa muziki, kama MCSK (Music Copyright Society of Kenya). Mtunzi akiwa amefariki, nenda kwa familia, maana sheria ya Kenya hulinda wimbo miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Mimi nilikwenda Siaya, nikampigia mjane wa yule mpiga besi wimbo ule kwa gitaa kavu kabla ya kutaja pesa. Alilia kidogo, kisha akataka jina la mumewe liandikwe kamili. Ni haki yake. Hakikisha tu kwamba anayetia sahihi ndiye msimamizi wa mirathi.

Barua itaje wimbo, utauzwa wapi, na mgao wa mirabaha, yaani malipo ya mtunzi kutokana na mauzo. Video, au kutafsiri maneno kutoka Dholuo, viombee ruhusa waziwazi.