Jinsi ya kupima gesijoto za safari zako mwenyewe

Usianze na wastani wa nchi, maana unaficha mengi. Brand na Preston, katika utafiti wao wa 2010, walionyesha kuwa nchini Uingereza asilimia 20 ya watu ndio waliotoa asilimia 60 ya gesijoto, yaani gesi zinazoongeza joto duniani, za safari binafsi. Wewe uko upande gani? Daftari litakuambia.

Kama una gari, hesabu lita, usihesabu safari. Kila unapojaza mafuta, andika lita ulizotia na kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ukaa, ndiyo gesijoto tunayoipima hapa. Ya dizeli, kilo 2.7 hivi. Mara ya kwanza nilidhani nimekosea, kwani lita ya petroli yenyewe haifiki hata kilo moja. Kumbe kaboni iliyomo hushikana na oksijeni ya hewani, na uzito mwingi ni wa hiyo oksijeni.

Kisha gawanya kwa idadi ya waliomo. Gari linalokula lita 8 kwa kilomita 100 hutoa kilo 18 na ushei. Ukiwa peke yako, zote ni zako. Mkiwa wanne, kila mmoja ana kilo 4.6. Basi linalokula lita 30 za dizeli kwa kilomita hizo 100 likiwa na abiria 40 ni kilo 2 tu kwa kila mmoja. Baiskeli na miguu, andika sifuri.

Kwa ndege, chukua kilomita za kwenda na kurudi, zidisha kwa gramu 90. Hiyo ni siti ya kawaida; ya daraja la juu huchukua nafasi ya wengine, kwa hiyo zidisha tena kwa mbili au zaidi.

Mwaka niliojipima, nilipanda basi kwenda kazini siku 240, kilomita 12 kwa siku: kilo 58. Nikapanda ndege mara moja tu, kwenda harusi ya dada yangu, kilomita 4,000 kwenda na 4,000 kurudi: kilo 720. Nilirudia hesabu mara tatu. Harusi ile nisingeikosa kwa lolote, na sijutii. Lakini nilikuwa nimepanga kuruka tena mwezi uliofuata, kupumzika tu. Hiyo nikaenda kwa treni.

Kwa hiyo ukimaliza mwaka, panga safari kuanzia kubwa, na ya kwanza kuihoji iwe ile ya juu kabisa.