Namna ya kuitengenezea tovuti familia yenye mtoto mwenye ugonjwa adimu

Siku za kazi natengeneza tovuti za maduka na vyama vya akiba hapa Nairobi. Jumamosi natengeneza za bure, kwa familia zenye watoto walio na magonjwa adimu. Nilianza kwa ajili ya mpwa wangu, ambaye ana osteogenesis imperfecta, ugonjwa wa mifupa kuvunjika kwa urahisi, na tangu hapo familia nyingine zimenijia, moja ikiileta nyingine. Vijana wanaojua kompyuta huniuliza waanzie wapi wakitaka kusaidia. Haya ndiyo ninayowaambia.

Chagua ugonjwa mmoja. Ulaya huuita ugonjwa adimu ule usiompata zaidi ya mtu mmoja katika kila watu 2,000, na magonjwa ya namna hiyo ni zaidi ya 6,000, mengi yakiwa ya jeni. Tovuti ya "magonjwa adimu yote" humwacha mzazi pale pale alipokuwa, kwa sababu yeye anatafuta jina moja, lile aliloandikiwa kwenye kijitabu cha kliniki.

Kisha anza na karatasi moja. Nembo, rangi na ukurasa wa "Sisi ni nani" vingoje. Keti na wazazi uwaulize: ukifika hospitali usiku na mtoto analia, ungependa daktari ajue nini kabla hajamgusa? Jibu lao ndilo ukurasa wako wa kwanza, nao uwe wa kuchapishwa kwenye karatasi ya A4, upande mmoja tu.

Ya mpwa wangu iko hivi. Juu kabisa, kwa herufi kubwa na kwa Kiingereza, kwa kuwa ndicho madaktari wanachoandikia kwenye faili, kuna jina la ugonjwa na namba yake, ORPHA:666. Namba hiyo ni ya Orphanet, hazina ya taarifa za magonjwa adimu iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 1997, na daktari ambaye hajawahi kukutana na ugonjwa huu akiiandika kwenye simu yake anaupata papo hapo. Chini yake ni mistari michache. Mifupa yake inaweza kuvunjika hata bila kuanguka. Usimvute mkono wala mguu. Usimnyanyue kwa kumshika kwapani. Ukimbadilisha nepi, tia kiganja chini ya makalio, usimwinue kwa vifundo vya miguu. Uwe mwangalifu na mashine ya kupima presha inayojikaza yenyewe, inaweza kumvunja mkono. Mfupa unaweza kuwa umevunjika bila kuvimba sana, kwa hiyo mama akisema umevunjika, msikilize, apigwe eksirei.

Halafu kuna nafasi wazi za kujaza kwa kalamu: jina la mtoto, uzito, dawa anazotumia, mifupa iliyowahi kuvunjika na mwaka, simu ya daktari wake. Ziache wazi kwenye tovuti. Kila mzazi atajaza yake nyumbani, na hakuna hata moja ya taarifa hizo inayohitaji kukaa mtandaoni.

Mstari wa mwisho aliuomba dada yangu mwenyewe. Aliwahi kuketishwa kwenye chumba cha hospitali moja hapa mjini akahojiwa ni nani anayempiga mtoto, huku mguu wa mtoto bado haujafungwa. Madaktari wana wajibu wa kuuliza, na watoto wanaopigwa wapo. Lakini mzazi asiye na chochote mkononi hana la kujitetea nalo. Basi mstari huo unasema: mtoto huyu yuko chini ya kliniki, barua ya daktari imeambatishwa. Mkumbushe kila mzazi aitafute barua hiyo mapema, yenye sahihi na muhuri, kwa maana karatasi iliyotoka kwenye tovuti haina muhuri. Avibane pamoja na kuviweka kwenye mfuko ule ule wa kadi ya kliniki.

Karatasi ikiwa tayari, nenda nayo saiba ya mtaani uichape kwa wino mweusi, kwa sababu ndivyo wazazi watakavyoichapa. Onyo uliloliandika kwa rangi nyekundu litatoka kijivu hafifu. Tumia herufi nzito na kisanduku chenye mstari mnene. Ukiona maandishi yamekatika pembeni, au kurasa zimekuwa mbili, rudi ukarekebishe. Shilingi chache za karatasi ya pili ni nyingi kwa mama aliyekwisha kutoa nauli ya matatu mbili.

Na kabla hujaiweka hewani, daktari aisome. Nasema hili kwa uzito wote nilio nao: usichapishe neno lolote la tiba ambalo daktari anayeujua ugonjwa huo hajalipitia. Mwombe kwa adabu, mpelekee ukurasa mmoja tu kwa mara moja, na umwambie unataka akate na kusahihisha kwa kalamu. Wengi hukubali. Weka tarehe aliyopitia chini ya ukurasa. Tarehe inasaidia hata kwenye mambo ya ofisini: bado nakutana na kurasa zinazowaelekeza wazazi NHIF, bima ya afya ya zamani ya serikali, ilhali tangu Oktoba 2024 mambo hayo yako SHA, mamlaka iliyochukua nafasi yake. Mzazi hawezi kujua kwamba ushauri umechakaa kama hauna tarehe.

Ukurasa wa pili ni wa maswali, na swali la kwanza ni lile ambalo akina mama huuliza kwa sauti ya chini: "Ni mimi niliyesababisha?" Katika nyumba zetu swali hili lina mizigo. Kuna shangazi anayesema ni laana, kuna jirani anayesema amelogwa, na kuna mume anayeanza kuchelewa kurudi. Jibu kwanza, kwa sentensi fupi: hapana, hukusababisha, wala si chakula ulichokula ukiwa mjamzito. Eleza jeni baadaye.

Linalofuata ni "na mtoto mwingine je?", nalo halina jibu moja kwa magonjwa yote, ndiyo maana nilisema uchague mmoja. Aina za osteogenesis imperfecta zinazowapata watu wengi zaidi hurithiwa kutoka kwa mzazi mmoja mwenye ugonjwa, na kila mtoto wake ana nafasi moja kati ya mbili. Lakini mara nyingi pia badiliko la jeni huanza kwa mtoto mwenyewe, wazazi hawana kitu. Ugonjwa wa misuli wa SMA huhitaji jeni yenye kasoro kutoka kwa wazazi wote wawili, ambao wenyewe wana afya, na kila mimba ina nafasi moja kati ya nne. Duchenne, unaodhoofisha misuli ya wavulana, unaweza kupitia kwa mama aliyebeba jeni hiyo, na kila mtoto wake wa kiume ana nafasi moja kati ya mbili. Hata hivyo kiasi cha thuluthi ya wagonjwa badiliko lao ni jipya. Ukinakili jibu la ugonjwa mmoja ukalibandika kwenye mwingine, unaweza kumvunjia mtu ndoa. Andika hesabu ya ugonjwa wako tu, kisha umwelekeze mzazi kwa daktari wa jeni.

Andika kwa Kiswahili kile mzazi anachosoma na kwa Kiingereza kile anachomwonyesha daktari. Kuna nyanya wanaolea wajukuu na hawasomi lugha yoyote kati ya hizo. Kwa ajili yao rekodi sauti, kwa Kikamba, Kijaluo, Kikuyu, lugha yoyote ambayo mzazi mmoja wa kikundi anaweza kuizungumza vizuri. Usiogope uzito wake. Sauti ya mtu anayezungumza, ikihifadhiwa kwa muundo wa sauti uitwao Opus kwa kilobiti 16 kwa sekunde, ni kama kilobaiti 120 kwa dakika, na inasikika safi.

Uzito ni jambo la heshima. Wazazi wengi wanatumia simu ya bei ndogo na bando la siku. Ukurasa wangu mzima, pamoja na picha, siruhusu uzidi kilobaiti 300. Hilo linawezekana ukitumia HTML na CSS tu, lugha za msingi za kuandikia kurasa, bila zile programu nzito za kuburudisha macho, na kurasa za namna hiyo unaweza kuziweka bure kwenye GitHub Pages, huduma ya kuhifadhia tovuti. Picha ya simu yenye megabaiti tatu au nne ipunguze hadi upana wa pikseli 800 kwa muundo wa WebP. Itabaki chini ya kilobaiti 100. Kisha azima simu ya zamani ya mtu, zima WiFi, fungua ukurasa ukiwa ndani ya matatu, uone.

Sasa picha za watoto. Nadhani hapa ndipo watu wenye moyo mwema huwaumiza wengine zaidi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi nyeti, na za mtoto zinahitaji idhini ya mzazi au mlezi, tena kwa manufaa ya mtoto. Aliyetoa idhini anaweza kuiondoa. Mimi huomba idhini kwa maandishi, kwa kila picha, na huwaambia wazazi mbele ya kila mtu kwamba wakibadili mawazo watume ujumbe wa maneno mawili tu, "toa picha", nami nitaitoa siku hiyo bila kuuliza sababu. Kabla ya kuiweka, kuza picha uitazame pembe kwa pembe. Sweta ya shule ina nembo, na nembo inataja shule. Nyuma kuna kibao cha duka chenye jina la mtaa. Ndani ya faili lenyewe simu huenda imeandika mahali picha ilipopigwa. Futa taarifa hizo. Mtoto akiwa mkubwa wa kuelewa, muulize yeye pia. Na kama hana raha, mkono wake ulioshika kalamu ya rangi unatosha kabisa.

Picha za watoto wagonjwa huibwa na watu wanaochangisha pesa za uongo. Kwa hiyo michango, ikiwa ipo, iingie kwenye Paybill (namba ya kulipia ya M-Pesa) ya kikundi kilichosajiliwa, kamwe si namba ya mtu binafsi, hata iwe yako. Na funga mlango kwa wanaouza dawa za miujiza. Watakuandikia. Usiwape nafasi hata kwenye maoni.

Orodha ya huduma ifanye fupi na ya kweli: kliniki hukaa siku gani, namna ya kujiandikisha kwenye Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, SHA, na kikundi cha wazazi. Piga simu kila namba mwenyewe kabla ya kuiandika.

Watu wengi hukimbilia kufungua tovuti kwa Siku ya Magonjwa Adimu, ambayo tangu mwaka 2008 huadhimishwa siku ya mwisho ya Februari. Siku ni nzuri, lakini tovuti iliyojengwa kwa ajili yake mara nyingi hufika Mei bila mtu wa kuitazama. Afadhali uizindue Julai, kimya kimya, ikiwa na kurasa mbili zilizo sahihi.

La mwisho ni umiliki. Jina la tovuti, hasa likiwa la .or.ke, mwisho wa majina ya mashirika yasiyo ya faida ya Kenya, lisajiliwe kwa kikundi cha wazazi na barua pepe ya kikundi, kwa maana wewe utapata kazi Mombasa au utazaa au utachoka. Nenosiri lijulikane na wazazi wawili wanaokaa nyumba tofauti. Mfundishe mmoja wao kubadilisha namba ya simu kwenye ukurasa: keti kando yake, mikono yako iwe mapajani, aandike yeye mwenyewe hadi aweze bila wewe. Tarehe ya kulipia jina kila mwaka waiandike kwenye daftari la mweka hazina, pamoja na michango ya mwezi.