Kumsaidia mwanafunzi mwenye uoni hafifu kidato cha kwanza: ubao, kopi na muda wa mtihani

Mwanafunzi mwenye uoni hafifu, hasa mwenye ualbino, akifika kidato cha kwanza hukaa popote alipopata nafasi na kunyamaza. Ananakili daftari la jirani pamoja na makosa ya jirani. Kiingereza cha masomo ndiyo kwanza anakizoea, kwa hiyo neno asiloliona vizuri hawezi kulikisia kama alivyokuwa akikisia la Kiswahili shule ya msingi. Mwalimu, usisubiri afeli ndipo uulize.

Kwanza apimwe macho; kwa walio Tanga mjini, hospitali ya Bombo. Omba kiwango cha uoni kiandikwe. 6/60 maana yake herufi anayoisoma mwenye macho mazima akiwa mita 60, yeye anaisoma akiwa mita 6. Kiwango hicho kinakuambia uandike kwa ukubwa gani: mwenye 6/60 akikaa mita 2 kutoka ubaoni, herufi ndogo kabisa anayoitambua ina kimo cha karibu sentimita 3. Lakini kutambua si kusoma. Ili asome kipindi kizima cha dakika 40 bila kuumwa kichwa, andika herufi za sentimita 6, zaidi kidogo ya upana wa vidole vitatu. Miwani husaidia, ila kwa mwenye ualbino haimalizi tatizo, maana kasoro nyingine imo kwenye retina yenyewe, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga.

Akae mstari wa mbele, dirisha likiwa nyuma au ubavuni mwake. Jua la asubuhi huingia kutoka mashariki (kwa Tanga, upande wa baharini), alasiri likahamia upande wa pili, kwa hiyo aruhusiwe kuhama, na kofia yake asivuliwe. Ubao uliokuwa kijivu kwa vumbi ufutwe kwa kitambaa cha maji. Tumia chaki nyeupe au ya njano. Nyekundu na bluu hazionekani vizuri kwake. Taja kila unachoandika: ukisema “hii zidisha kwa hii,” umemwacha nje.

Akiinamisha kichwa upande au akisogeza kitabu hadi puani, mwache. Macho yanayochezacheza hutulia kwenye pembe fulani, naye ameshaipata. Kusogeza kitabu karibu hakuharibu macho.

Kwenye kopi ndipo wengi wanapokosea. Kukuza A4 kuwa A3 ni asilimia 141: herufi ya pointi 12 inakuwa 17 hivi. Lakini A3 haienei kwenye dawati la watu wawili, na akiikunja anapoteza mstari. Afadhali ukate ukurasa nusu, kila nusu uikuze iwe A4 moja. Ukichapa mwenyewe, weka pointi 18 au 20, herufi zisizo na mikia (kama Arial), nafasi ya mistari 1.5, karatasi isiyong'aa. Toa kopi kutoka nakala halisi. Kopi ya kopi huja na ukungu, na hakuna ukubwa wa herufi utakaoufidia.

Michoro usiikuze tu. Mchoro wa moyo uliosongamana ukikuzwa unabaki umesongamana. Uchore upya kwa maka peni nyeusi, mistari minene, majina yawekwe pembeni. Ramani ina mtego wake: ya 1:50,000 ikikuzwa asilimia 141 inakuwa kama 1:35,000. Kilomita moja iliyokuwa sentimita 2 sasa ni 2.8, na mwanafunzi aliyepima kwa usahihi kabisa atakosa jibu. Mwambie atumie skeli ya mstari, ile iliyochorwa kwenye ramani yenyewe, kwa kuwa nayo imekua pamoja na ramani.

Kwenye kaunta buku lake, koleza kila mstari wa pili kwa peni nyeusi. Penseli iwe 2B.

Wakati wa usajili wa mtihani wa taifa, hakikisha mkuu wa shule ameonyesha kuwa mtahiniwa huyu ana uoni hafifu, ili aletewe karatasi ya maandishi makubwa. Baraza la Mitihani la Tanzania huongeza dakika 20 kwa kila saa ya Hisabati na dakika 10 kwa kila saa ya masomo mengine. Hisabati ya saa 3 inakuwa saa 4. Historia, saa 3 na nusu. Mpe muda huohuo kwenye majaribio ya shuleni tangu kidato cha kwanza. Asiyezoea nyongeza hukimbiza swali kama wenzake na kukabidhi karatasi wanapokabidhi wao. Msimamizi naye aambiwe mapema, asije akaikusanya karatasi kengele ya kwanza ikilia.