Majani ya mpunga yakijikunja, soma kwanza kabla ya kufungulia maji

Jani la mpunga linalojikunja kama sindano saa sita mchana limetii amri iliyotoka ndani ya mmea wenyewe. Baadhi ya amri hizo hupitia maikro-RNA, vipande vifupi vyenye herufi 21 hivi za kijenetiki. Havitengenezi protini: kila kimoja hutafuta ujumbe wa jeni unaolingana nacho, kikaukata au kuuzuia usifanye kazi.

Mfano mzuri ni miR166. Kazi yake ni kuibana jeni iitwayo OsHB4. Watafiti walipoipunguza miR166 kwenye mpunga, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018, OsHB4 ikapata nguvu: majani yakajikunja, mirija ya kupandisha maji ikawa myembamba, mmea ukapoteza maji kidogo na kustahimili ukame. Lakini miR393 ilipozidishwa, mpunga ulitoa machipukizi mengi na kuchanua mapema, kisha ukashindwa na ukame na chumvi. Kwa hiyo usichague mbegu ya eneo kame kwa wingi wa machipukizi peke yake.

Hakuna dawa ya kupulizia ya kuamsha maikro-RNA hizi shambani. Kilicho mikononi mwako ni maji, na wakati wa kuyatoa.

Kagua jaruba mara mbili. Majani yaliyojikunja mchana yakifunguka jioni, mmea unajimudu. Yakiwa bado yamejikunja alfajiri, mizizi haipati maji. Mwagilia siku hiyo hiyo. Urea iweke kwenye udongo mkavu muda mfupi tu kabla ya kumwagilia, ili maji yaizamishe udongoni.

Kwa skimu yenye maji ya zamu, pima kina cha maji ndani ya udongo kwa bomba la plastiki lenye urefu wa sentimita 30 na kipenyo cha sentimita 10 hadi 15. Toboa matundu kwenye nusu ya chini, lizike sentimita 15, kisha toa udongo wote wa ndani. Maji ya ndani na ya nje yasipolingana, matundu yameziba, lichomoe ulisafishe. Anza utaratibu huu wa kuacha maji yashuke kisha kujaza tena wiki moja au mbili baada ya kupandikiza, lakini magugu yakiwa mengi chelewa wiki mbili hadi tatu. Maji yakishuka sentimita 15 chini ya uso wa udongo, jaza hadi sentimita 5 juu yake.

Utaratibu huo usitishe wiki moja kabla ya kuchanua hadi wiki moja baada yake. Hapo jaruba libaki na maji sentimita 5 muda wote. Hiki ndicho kipindi tunachosisitiza kuliko vyote: ukame ukimkuta mpunga ukiwa na mimba au ukichanua, suke hukwama ndani ya ala ya jani, chavua hufa, na punje hubaki mapepe. Mvua ikija baadaye hurudisha ukijani wa majani, lakini mapepe hayajazi tena. Maji yakiwa haba, heri majaruba machache yashibe kipindi hicho kuliko yote kupata nusu nusu.